Leo Kakataa Nini?

Juma lililopita nilirudisha stoo buti, kofia ngumu na funguo za banda. Kisu cha kwato sikukirudisha, kwa sababu hakikuwa mali ya kampuni. Nilikirithi kwa mwalimu wangu, Mzee Lazaro, na mwenye shida nacho aje Ilala, nyumbani, tunywe chai kwanza. Tangu siku hiyo nalala vizuri. Watu wananiuliza kama nimeshaanza kuikumbuka kazi. Nawaambia kwa sasa nafahamiana na usingizi, maana miaka yote ile nilikuwa nausikia kwa watu tu.

Neema, ambaye leo ndiye mkuu wenu wa kikosi cha farasi, ameniomba niwaandikie nyie mnaobaki mambo ambayo hayamo kwenye mafunzo. Anasema vijana wapya wanasikia habari ya Mtaa wa Kongo kwenye vijiwe vya kahawa, na kila kijiwe kina habari yake. Kipo kijiwe kinachosema farasi waliruka juu ya daladala. Basi nitaandika nilichokiona kwa macho yangu. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilikuja Dar nikitokea Newala, nikabeba mizigo Kariakoo mpaka mgongo ukalalamika, kisha nikapata ulinzi kwenye geti la ghala moja Gerezani. Asubuhi moja likaingia lori lenye farasi. Mwenye kampuni yetu ya ulinzi alikuwa amewanunua kutoka shamba moja la Arusha lililokuwa linafungwa, kwa sababu aliambiwa kwamba mlinzi aliye juu ya farasi anaona mbali kuliko walinzi wanne waliosimama chini. Kuhusu kuona alikuwa sahihi. Kuhusu kula, kunywa na kuugua, nadhani hakuuliza.

Pamoja na farasi alishuka Mzee Lazaro, Mmakua wa Masasi aliyezeekea kwenye shamba lile. Alishuka wa mwisho, baada ya farasi wote, na alikuwa ananuka kama wao. Akatupanga mstari, akauliza nani haogopi farasi. Wenzangu wengi wakanyoosha mikono. Akawarudisha getini wote, akabaki na sisi wachache tuliokuwa tunatetemeka. Alisema anayeogopa huangalia anachofanya.

Nilidhani siku hiyo nitapanda. Nikapewa ndoo. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa maji: kuyachota, kuyabeba, kumwaga yaliyobaki na kuosha ndoo. Joto la Dar si la Arusha, na farasi aliyetoka kwenye baridi hunywa mpaka unajiuliza yanakwenda wapi. Baadaye nikafundishwa kwato. Unasimama ubavuni pa farasi ukitazama mkia, unashusha mkono kutoka begani taratibu, ukifika chini unasubiri. Huvuti. Mguu wa farasi unaombwa, na asipotaka kukupa ana sababu, kazi yako ni kuitafuta.

Vifaa tulivitengeneza hapa hapa. Vyuma vya kuchokolea kwato vilifuliwa na mafundi wa Gerezani kutoka kwenye nondo. Matandiko yaliyopasuka tuliyapeleka kwa fundi viatu wa Ilala, ambaye kila mara aliuliza mguu wa pili uko wapi. Tatizo kubwa lilikuwa lami, kwa sababu chuma cha kwato kikikanyaga lami ya moto kinateleza. Mzee Lazaro akaenda kwa wale wanaotengeneza katambuga, akarudi na vipande vya tairi, akavikata na kuvipigilia chini ya chuma. Mtaa mzima ukatucheka kwamba farasi wetu wanavaa katambuga. Walicheka, lakini hakuna farasi aliyeteleza tena.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kutandika, kila mpandaji alisimama kando ya farasi wake. Mzee Lazaro alipita mstarini akiuliza swali moja: "Wako leo kakataa nini?" Ukijibu hajakataa kitu, anaendelea. Ukisema kakataa pumba, au kakataa lijamu mdomoni, au kakataa kutoa mguu, anasimama na kumtazama upya. Farasi akikataa vitu viwili, Mzee Lazaro anasema, "Basi anabaki," na hapo hakuna mjadala, hata mwenye kampuni awe amesimama mlangoni na wageni wake.

Siku moja nilimuuliza kwa nini haulizi kama farasi wako tayari, kama wanavyofanya walinzi wengine wote. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Farasi hana neno la ndiyo," alisema. "Ana hapana tu, na anaisema mapema. Usipoisikia asubuhi, ataisema tena mchana mbele za watu."

Miaka ikapita tukiwa tunalinda maghala kando ya reli, viwanja siku za mechi, na maonyesho. Nilimtembeza farasi mwenye msokoto wa tumbo kutoka asubuhi mpaka alasiri kuzunguka ua, nikimwimbia nyimbo za unyago ambazo mwanamume hatakiwi kuzijua. Alipona, na nyimbo akawa kazijua. Nilimfukuza mwizi wa nyaya ambaye alikimbilia kwenye banda letu kujificha, akamkuta humo Bwana Harusi, farasi mwenye tabia ya kuuma, akatoka mwenyewe na kuomba apelekwe polisi. Hizo ndizo zilikuwa kesi zetu, na nilizipenda.

Kisha magoti ya Mzee Lazaro yakamshinda, akarudi Masasi. Aliniachia kisu, na swali la asubuhi likawa langu. Haikupita muda akaletwa Kamanda Shomari.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu vijiweni wamemfanya Kamanda Shomari mjinga, na hakuwa mjinga. Alikuwa ameongoza ulinzi migodini, mtu nadhifu, anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, anajua majina ya watoto wa kila mlinzi. Alichokuwa hakijui ni farasi. Aliwachukulia kama magari yenye masikio. Wiki yake ya kwanza alisimama mstarini akasikiliza swali letu na majibu yake, kakataa hiki, kakataa kile, uso wake ukawa unakunjamana. Akaniita pembeni akasema kwa heshima kabisa kwamba kikosi hakiwezi kuanza siku kwa manung'uniko. Kuanzia kesho yake, yeye angeuliza, na kila mpandaji angejibu neno moja: tayari.

Tukajibu tayari. Ilipendeza kusikia, sitawadanganya. Sauti zetu zilipiga bati la ghala na kurudi. Mimi niliendelea kuuliza swali la zamani kwa kunong'ona, kandokando, wakati wa kupiga brashi, na aliyekataa vitu viwili nilimwombea ruhusa kwa kamanda. Mara nyingi alinipa. Ndiyo maana mambo yalikwenda kwa muda mrefu bila kuharibika.

Ikaja ile Ramadhani. Mnajua Kariakoo inavyokuwa siku za mwisho kabla ya Idd, watu wa mikoa yote wanafuata nguo na viatu vya watoto. Umoja wa wenye maduka wa Mtaa wa Kongo ulituajiri tuweke njia moja wazi katikati ya barabara, gari la wagonjwa au la zimamoto likihitajika lipite. Shabaha nzuri. Meza za machinga zilikuwa zimeingia barabarani pande zote mbili mpaka zikasalimiana. Kamanda Shomari aliwaahidi wenye maduka kwamba farasi wote watatoka, na kwamba ikifika adhuhuri njia itakuwa imefunguka.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Jana yake tulikuwa uwanjani kwenye mechi mpaka jioni, na farasi walirudi wamechoka. Asubuhi mabomba yakawa makavu. Maji yaliyokuwamo kwenye matangi tuliyagawa, kila farasi akapata nusu ya alichozoea. Wakati napita na brashi yangu, Neema akanivuta mkono. Neema alikuwa mpandaji mdogo kuliko wote kwa umbo, na ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Farasi wake alikuwa jike mwenye baka jeupe usoni, tulimwita Kidoti. Neema akanong'ona kwamba Kidoti kakataa pumba, na kakataa kumpa mguu wa mbele wa kushoto.

Nikamfuata kamanda, nikamwambia Kidoti abaki. Alikuwa anafunga mkanda wa kofia yake.

"Mzee Issa, nimewaahidi farasi wote. Leo siyo siku ya kubembeleza."

"Afande, sibembelezi. Pale patakuwa na watoto."

"Ndiyo maana natuma mpandaji mzuri," alisema, na akaniwekea mkono begani. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa na hasira.

Mara akaingia Chande. Chande alikuwa mlinzi wetu wa miguu, aliyetumwa alfajiri akiwa amevaa kiraia kwenda kutazama hali ya mtaa. Alikuwa anahema. Alisema Kongo hapapitiki, watu wamejaa mpaka lami haionekani, na kila meza ina spika. Alisema tusubiri, umati hupungua kidogo baada ya adhuhuri watu wanapokwenda kuswali na kupumzika, na pengine maji yatakuwa yamerudi. Kamanda akamuuliza kama wamachinga wanajua tunakuja.

"Wanajua, afande. Mmoja kaniuliza kama farasi wanakula maembe."

Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika, na nimeufikiria sana tangu siku ile. Kamanda aliona kwamba tukisubiri, watazidi kujaza barabara na hatutawatoa kabisa. Aliogopa kuchelewa kuliko alivyoogopa kwenda bila kuwa tayari. Akatugawa makundi matatu. Yeye na wawili wangeingia kutokea Barabara ya Uhuru. Wengine watatu wangetokea upande wa pili wa mtaa. Mimi, Neema na kijana mwingine tungeingia katikati kwa Mtaa wa Mkunguni, halafu wote tukutane na kusukuma meza pembeni. Kwenye karatasi ilikuwa safi kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Afande," Chande alisema, "hapo katikati ndipo hapana nafasi."

Kamanda akauliza kikosi kama kiko tayari. Sauti zote, na ya Neema ikiwemo, zikasema tayari.

Tulipoingia Kongo watu walitupisha. Walicheka, walinyanyua simu wakapiga picha, watoto walimwita Kidoti kwa jina la katuni fulani. Nikaanza kufikiri labda nimezeeka kwa woga. Tulipofika hatua chache ndani nikageuka nyuma, nikaona njia tuliyopitia haipo. Hakuna aliyeifunga kwa ubaya. Wanunuzi walirudi tu walipokuwa wamesimama, kama maji yanavyorudi ukitoa mkono kwenye ndoo. Mbele napo watu walikuwa wamesimama kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Redio yangu ilikuwa inakoroma, maghorofa na spika vimeimeza sauti.

Kila meza ilikuwa inapiga kelele bei yake. "Buku, buku, buku, wahi!" upande huu, na upande ule mwingine anatangaza viatu vya jero mbili. Nikamwona Kidoti kalaza masikio nyuma. Shingo yake ilikuwa na povu, na mguu ule wa kushoto alikuwa anaugusisha chini na kuunyanyua, anaugusisha na kuunyanyua. Kulia kwake mama mwenye mtoto mgongoni. Kushoto kwake watoto wawili wamekaa chini wanajaribishwa viatu vya sikukuu. Mawazo yangu yote yakawa moja: asikanyagwe mtu. Habari ya njia, ya meza, ya wenye maduka, ziliniishia kichwani palepale.

Mtu mmoja akarudi nyuma kumpisha Kidoti, akagonga mlundo wa mabeseni ya aluminiamu. Mlundo ulikuwa mrefu kuliko mtu. Ulianguka wote.

Kidoti akasimama kwa miguu ya nyuma. Nilimwona Neema ameinamia shingoni kwake, hakuvuta hatamu, na kama angevuta wangeanguka wote wawili. Kwato za mbele zikashuka juu ya rundo la ndala. Wale watoto wawili walikuwa wamevutwa na mama yao sekunde moja tu kabla. Kidoti akaanza kukusanya nguvu tena, na safari hii chini yake hapakuwa na ndala, palikuwa na watu.

Redio ikafunguka kwa ghafla, na sauti ya kamanda ikatoka safi kuliko siku zote: "Songeni mbele. Msisimame. Songeni mbele."

"Shukeni," nikasema. "Shukeni wote."

Tukashuka. Mpanda farasi akishuka katikati ya umati anakuwa mtu mfupi aliyeshika kitu kikubwa. Farasi wangu nikampa yule kijana mwingine, nami nikamshika Kidoti lijamu upande mmoja, Neema upande mwingine, naye anatikisa kichwa mpaka mabega yetu yanalia. Hapo akajitokeza mwanamke mmoja, Mama Zai, ambaye ndiye mwenye yale mabeseni. Nilitegemea kutukanwa. Akavua kanga ya begani, akamrushia Neema.

"Mfunike macho. Huyo anaogopa, mfunike macho."

Neema akamfunika. Mama Zai akapanda juu ya meza yake, akawapigia kelele jirani zake wazime spika. Wa kwanza akazima, wa pili akazima, na kimya kikaanza kutembea kuelekea Uhuru, spika moja baada ya nyingine. Nimekaa Kariakoo tangu ujana wangu na sijawahi kusikia Mtaa wa Kongo ukinyamaza. Unasikia ndala za watu.

Mama Zai akashuka, akaja mpaka karibu na pua ya Kidoti, akamtazama kama mama anavyotazama mtoto wa jirani.

"Baba, huyu kanywa maji saa ngapi?"

Nikamwambia asubuhi, na hayakumtosha.

"Na mkamleta huku?"

 Akaokota beseni moja kati ya yaliyoanguka, lililobonyea ukingoni, akaliweka chini. Wauza maji walikuwa pale na madeli yao ya chupa za baridi kwa ajili ya wasiofunga. Wakazifungua wakamimina, moja baada ya nyingine, na wenye swaumu zao ndio waliokuwa wanamimina kwa haraka zaidi. Kidoti akainamisha kichwa chini ya kanga, akanywa. Watu wote tulisimama tukimsikiliza anavyokunywa.  Nilijua wakati ule kwamba hakuna atakayekanyagwa, na nilitaka kulia mbele ya wauza soksi.

Kilichofuata ndicho vijiwe havikipati sawasawa. Wamachinga walituondolea meza wenyewe. Tulikuja kuwasukuma, wakajisukuma ili sisi tutoke. Mama Zai na wenzake walitangulia mbele wakiita "pisha, pisha jamani, wagonjwa hawa," na njia ikafunguka katikati ya Mtaa wa Kongo, pana na iliyonyooka, mpaka ungepitisha gari la zimamoto. Tulipita kwa miguu tukiwa tumeshika hatamu. Kwa hiyo kazi tuliyotumwa ilitimia, ingawa siyo kwa namna ya kujisifu.

Kundi lililotokea upande wa pili halikuingia kabisa. Kiongozi wao aliona farasi wake wamegoma kona ya kwanza, akakaa nao kivulini. Yule mtu hajawahi kusifiwa kwa hilo, namsifu hapa.

Kamanda Shomari tulimkuta karibu na Uhuru. Farasi wake, Jemedari, alikuwa amelelewa Arusha kwa miwa. Mzee Lazaro alikuwa hamkamati bila kipande cha muwa mkononi. Pale njiani palikuwa na mkokoteni wa muuza juisi ya miwa, aliyepanga fimbo zake akisubiri futari. Jemedari alikuwa amesimama hapo, hakusubiri futari, anatafuna. Kamanda yuko juu yake, kofia imekaa upande, simu zimemzunguka kila pembe. Alikuwa ameshapiga visigino mpaka amechoka.

Aliponiona natembea kwa miguu, farasi kafunikwa kanga, uso wake ulibadilika.

"Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna, afande."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Ndala tu, na mabeseni."

Akafumba macho. Akavua kofia akaiweka kwenye tandiko, kisha akashuka taratibu, naye akawa mtu mfupi.  Alimwomba radhi muuza miwa mbele ya zile simu zote. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, nani alitoa amri ya kushuka. Nikamwambia ni mimi. Akashika hatamu, tukaelekea Gerezani. Tulitembea msafara mzima kwa miguu, watoto nyuma yetu kama tunapeleka bibi harusi. Nilijua kazi imekwisha, nikawa natafuta huzuni moyoni mwangu siipati. Niliona tu ile barabara yenye watu wote salama, wamesimama kwa miguu yao yote.

Mabomba yalikuwa yamerudi. Kamanda alichota ndoo mwenyewe, akanywesha farasi mmoja mmoja, na shati lake lililopigwa pasi likalowa lote. Mimi nikaomba mguu wa Kidoti. Safari hii alinipa. Ndani ya kwato kulikuwa na msumari mwembamba, pengine wa njiani kutoka uwanjani. Nikautoa kwa kisu cha Mzee Lazaro. Jioni tukamloweka mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, ndani ya beseni la Mama Zai, kwa sababu nilipotaka kulirudisha alikataa. Alisema, "Keshanywea, nendeni nalo."

Kesho yake asubuhi tulipanga mstari kama kawaida, kila mtu kando ya farasi wake. Nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu kwenye mfuko. Kamanda akatoka ofisini, lakini hakuja kusimama mbele yetu. Akaenda kusimama mwisho wa mstari, kando ya Jemedari.

"Mzee Issa," alisema, "uliza."

 Nikapita mstarini nikiuliza swali la zamani kwa sauti ya kawaida, na wapandaji wakajibu, kakataa hiki, hajakataa kitu. Nikafika kwake.

"Wako leo kakataa nini, afande?"

"Kakataa kunipa mguu." Akamgeukia Jemedari. "Na kakataa kuniangalia."

Vitu viwili. Mstari mzima ukanigeukia.

"Basi anabaki," nikasema.

"Anabaki," akasema kamanda, akaenda kuchukua fagio.

Alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna asubuhi aliyolikosa swali. Mtaa wa Kongo hatukurudi tena na farasi siku za sikukuu. Tulipohitajika tulikwenda kwa miguu, tukaanza kwa kuzungumza na Mama Zai. Nyie mnaobaki mtapata wakubwa wapya, wengine hodari kuliko sisi, na kila mmoja atapenda kusikia neno tayari kwa sababu linafurahisha masikio. Mpeni salamu zote za heshima. Lakini kwanza mjibuni ni nini kimekataliwa.

Siku yangu ya mwisho nilifika alfajiri, nikasimama mstarini kando ya Sukari, farasi wangu, ambaye naye mdomo umeshaota mvi. Neema akapita. Siku hizi ana nyota begani na sauti yake imekuwa nzito kidogo, ila mkono bado mwepesi. Alipofika kwangu akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Wako leo kakataa nini?"

Nikamwambia Sukari hajakataa kitu, mzima kabisa. Ila mimi asubuhi ile nimekataa chai, na sasa hivi nilipojaribu kama naweza kupanda, mguu nao umekataa kunyanyuka.

Neema alinitazama kwa yale macho yaliyokuwa juu ya Kidoti siku ile. Kisha akafanya kazi yake.

"Viwili," alisema. "Basi unabaki, baba."

Nikabaki.